Mkoba Wangu wa Maji

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Shule niliiacha darasa la sita. Naendesha boda kwenye stendi ya Sherikat, na kwa kawaida naona haya kusema mbele ya watu.

Juzi nilinunua mtumba soko la Konyo Konyo: mkoba wa kuvaa mwilini, wenye chupa ya maji kila upande. Ulinibana kifua, lakini nikajiona mtu. Wenzangu walipokimbilia maji dukani, nilinyonya chupa yangu nikiwacheka, "Kimbieni, mbuzi wa kiangazi!"

Hata Keji, muuza chai ambaye sijawahi kuthubutu kumsalimia, alisema, "Leo umependeza." Mjinga mimi, nikageuka aone na mgongo, penye pete ya chuma niliyodhani ni ya kutundikia funguo.

Hapo hapo akapita mama mgeni akitembeza mbwa wake. Mbwa amevaa mkoba kama wangu, chupa mbili ubavuni, na kamba imefungwa kwenye pete ile ile ya mgongoni.

Stendi nzima ikamtazama mbwa, kisha ikanitazama mimi. Keji akatua birika, akaniuliza, "Na wewe, kamba yako iko wapi?"

Tafadhali niandikieni: nirudi stendi hiyo, au nihamie stendi ya Mangateen?