Wangila Wawili

Phelista Nasambu huuza mboga za kienyeji, mrenda na saga, katika soko la Kitale, na hasahau jina la mfu. Ndiyo maana watu wetu waliotoka Bungoma na kuweka makazi huku humwita kila mtoto mchanga anapolia asinyamaze. Huketi kando ya mama na kuwataja polepole wazee wa ukoo waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto hulinyamazia na kushika titi, hilo ndilo lake.

Sisi tuliosomeshwa na wamisheni tulikuwa na majina mawili. La ubatizo lilikuwa la rejista na la Jumapili; padre alitueleza kwamba Phelista latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya furaha, nasi tukaridhika. La nyumbani lilieleza ulivyoingia duniani. Wafula alikuja na mvua, Wanyonyi wakati wa kupalilia, Nekesa wakati wa mavuno, na Wangila alizaliwa njiani, mama akiwa safarini. Baadaye, mwenye jina akisha kuzikwa, jina hurudi kwa mjukuu, hata kama huyo alizaliwa kitandani. La aliye hai halikuguswa. Tuliambiwa kwamba walio hai wawili wakiwa na jina moja, mmoja wao atamvuta mwenzake kaburini.

Miaka saba iliyopita, Joy, mke wa Barasa fundi wa pikipiki, alijifungua mtoto wa kiume aliyelia tangu asubuhi hadi alasiri. Phelista alitaja majina kumi na moja bila mafanikio. La kumi na mbili lilikuwa Wangila, baba mdogo wa Barasa, aliyeondoka Webuye kutafuta kazi na asisikike tena. Ukoo ulikuwa umekwisha kukata tamaa; ulichinja fahali na kuzika shina la mgomba mahali pa maiti yake, kama ilivyo desturi. Mtoto alinyamaza. Akabatizwa Ian, lakini nyumbani akaitwa Wangila.

Desemba iliyopita ukoo ulikutana Bungoma. Joy alisimama mlangoni akamwita Wangila aje anywe chai. Mtoto aliitika kutoka nyuma ya jiko. Langoni, mzee mmoja mwenye mkoba begani aliitika pia.

Kina mama waliomtambua walilia, shangazi mmoja akakataa kumshika mkono mpaka amwone akila kama aliye hai. Barasa, ambaye hawezi kukaa bila utani, aliuliza ni nani atakayewarudishia fahali wao. Watu wakacheka hadi jioni, ila Joy. Januari mwanawe alikuwa aandikishwe shule, naye hakutaka tena jina lile lifuatane naye. Waliporudi Kitale alikwenda moja kwa moja sokoni kwa Phelista, anayemwita kukhu, yaani bibi.

“Kukhu, si uliniambia huyu mtu alikufa?” alisema. “Sasa mtoto wangu anatembea na jina ya mtu mwenye anakula ugali. Nikimpoteza, nitamuuliza nani?”

Phelista angeweza kuwalaumu waliozika mgomba. Hakufanya hivyo, ingawa jambo hilo lilikuwa limeanza kumgharimu: nyumba moja ya Kiminini ilikuwa tayari imemwita mwanamke mwingine aje kutaja majina. Alifunika mboga zake kwa gunia, akamwambia Joy asibadilishe lolote kabla ya kumwuliza mwenye jina.

Jumamosi walikwenda Bungoma pamoja na mtoto. Mbele ya watu wote wa boma Phelista alisema kwamba aliambiwa kuna kaburi, na hakuuliza ni nani aliyeiona maiti.

“Nilimtaja aliye hai katikati ya wafu,” alisema. “Kosa ni langu, mzee, si la mtoto. Ukitaka jina lako, nitaliondoa leo hapa hapa.”

Mzee Wangila alimketisha mtoto kando yake. Alisimulia kwamba alikuwa Pwani, katika mashamba ya mkonge, na kwamba huko hakuna aliyejali jina lake.

“Waliniita Mluhya. Mluhya njoo, Mluhya beba. Miaka ishirini na sita, mama. Nikafika hapo kwa geti nikiogopa, nikasema hawa hata hawanijui. Ndiyo nikasikia naitwa. Kama si huyu, hilo jina mngekuwa mmelizika na mgomba wenu. Akae nalo. Mimi mwenyewe nimempa, kwa mdomo wangu, na sijakufa.”

Joy hakuwa ameridhika bado. “Na mkiitwa pamoja?”

“Mwenye yuko karibu na chai aitike.”

Hapo Joy alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Jumatatu aliandika katika fomu ya shule, kwa herufi kubwa: Ian Wangila Barasa.

Juma lililopita Phelista aliitwa tena Kiminini, katika nyumba ile ile iliyomkwepa. Mtoto alikuwa akilia. Kabla ya kutaja jina lolote, aliwataka wenyeji wamweleze, kwa kila marehemu, ni nani aliyeosha maiti yake. Walijibu wote, bila haraka, naye akaanza.