Jiko la Mkaa Chini ya Kiyoyozi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua mtayasomea kwenye chumba kilichofungwa kila upande, mmejifunika mpaka shingoni, na mkiulizwa mbona mnapiga miayo mtasema ni uchovu. Uchovu wa kazi gani? Kaeni vizuri niwaambie jinsi mjukuu wangu mchanga na mama yake walivyotaka kufa mchana kweupe, katika nyumba nzuri kuliko zote hapa Heru Juu, huku mashine ya hewa ikinguruma ukutani juu ya vichwa vyao.

Nyumba hiyo ni ya mwanangu. Anafanya biashara ya maharage, anayapeleka mpaka Dar es Salaam, na nadhani mawazo mengine huwa anarudi nayo kwenye magunia matupu. Alijenga hapa hapa uwanjani kwangu. Akaweka madirisha ya aluminiamu, dari ya jipsamu nyeupe kama sahani, na chini ya kila mlango akabandika mpira ili vumbi lisiingie. Kweli haliingii. Hata inzi akiingia humo na mtu, humo humo ndimo atazeekea.

Nilimwuliza, "Hewa itapita wapi?"

"Mama, hewa tutanunua," akasema, akacheka na mafundi wake.

Na akanunua. Huko Kibondo ilifungwa ofisi moja, mojawapo ya zile zilizokuwa zinahudumia kambi za wakimbizi, na vitu vyake vikapigwa mnada: viti, makabati, viyoyozi. Akarudi na kiyoyozi kimefungwa kamba nyuma ya pikapu kama ng'ombe wa mahari, watoto wanakimbia nyuma wakishangilia. Mimi nilisimama mlangoni na sweta langu nikamtazama. Huku kwetu mwezi wa saba tunajikunyata motoni kuanzia jioni. Baridi tunayo, ya bure, kila kaya ina yake. Mwanamume mzima anaendesha gari mpaka Kibondo kununua nyingine!

Fundi wa kukifunga alitoka Kasulu mjini. Kisanduku kirefu alikitundika ukutani chumbani, kingine kizito chenye feni akakiweka nje, akaviunganisha kwa mabomba ya shaba ambayo gesi inapita ndani yake. Mimi kuuliza sioni aibu. Nilivuta kigoda nikamwuliza kinafanya nini hasa, naye akanieleza kwamba kazi ya kitu hicho ni kuhamisha joto tu. Kwenye rimoti kuna alama ya barafu. Ukiibonyeza, kinachukua joto la chumbani kwenda kulimwaga nje. Kuna na alama ya jua. Ukiibonyeza hiyo, safari inageuka, kinaokota joto huko nje, hata kama wewe unaona ni baridi, na kuliingiza ndani.

"Na hewa mpya inaingilia bomba lipi?"

"Hakuna, bibi. Hewa ni hii hii ya chumbani. Inavutwa huku juu, inapita kwenye chujio, inatemwa huku chini. Mkitaka mpya mfungue dirisha."

Nikamgeukia mwanangu. "Umesikia?"

Alikuwa kwenye simu anagombana na dereva wa lori. Akaninyanyulia kidole gumba.

Baada ya hapo watu walikuwa wanakuja kuonja baridi. Wanaingizwa chumbani, mlango unafungwa, wanakaa kitandani wamejikumbatia, meno yanagongana, wanasema, "Raha!" Jirani yangu mmoja, mtu mzima na wajukuu wake, alitoka humo kamasi zinamchuruzika, akaniambia Ulaya imehamia Heru Juu. Nikamwambia afute pua kwanza, Ulaya baadaye.

Masika yakaingia, mkamwana wangu akajifungua mtoto wa kike hospitali ya Kasulu, wakarudi nyumbani salama. Sisi mzazi hatumwachi apigwe na baridi. Anakandwa na maji ya moto, analala penye joto. Nikasema aje kwangu. Nyumba yangu ni ya tofali za udongo, na kati ya ukuta na bati nimeacha uwazi. Moshi wa mafiga unapanda, unatoka, haumwombi mtu ruhusa.

"Mama, mwanangu hatakaushwa kwenye moshi kama nyama," akasema mwanangu.

"Wewe ulikaushwa humo humo," nikamwambia, "na mpaka leo hujaoza."

Akakataa. Mtoto ni wake, nikamwachia.

Mama yake mkamwana akaja kutoka Kumsenga kumlea mzazi, kama inavyopasa, akaja na kuku na gunia la mkaa. Mwanangu akabonyeza alama yake ya jua. Lakini mvua ikinyesha, huku kwetu umeme unalegea, taa zinakuwa kama macho ya paka mgonjwa, na siku moja mashine ikawa inapuliza upepo tu, joto hamna. Mimi nilikuwa shambani nachimba muhogo, kwa hiyo haya niliyasikia baadaye. Yule mama wa Kumsenga akasema wawashe jiko la mkaa. Wakaliwasha barazani, wakalipepea mpaka moshi ukaisha wote na makaa yakawa mekundu. Hapo ndipo wakajiona wajanja. Moshi hakuna, basi hatari hakuna! Mwanangu mwenyewe akalibeba na kulitua miguuni pa kitanda. Akasukuma madirisha yakafungika, akavuta mlango, akaukanyaga ule mpira ukae sawa.

"Hata ukitokea moshi kidogo," akamwambia mkwe wake, "AC itasafisha hewa."

Akaenda zake sebuleni kuangalia mpira kwenye televisheni.

Nilirudi alasiri, nikakoroga uji wa mzazi, nikaupeleka. Nilipofungua mlango nikapigwa na joto zito usoni. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na harufu ya kumshtua mtu. Mama wa Kumsenga alikuwa amelala kwenye mkeka mdomo wazi. Mkamwana amekaa ukingoni mwa kitanda, ametapika kwenye kanga yake.

"Mama, kichwa," akaniambia. "Kichwa kinapasuka. Na mtoto hataki ziwa."

Nikamshika mtoto. Yewe! Alikuwa kama kitambaa kilicholowa, mkono ukiuinua unaanguka wenyewe.

Nilitoka naye mpaka barazani, namwita baba yake kwa sauti ambayo sijaitumia tangu alipokuwa anachunga mbuzi. Akaja mbio. "Vuta hao watu nje! Usiulize, vuta!" Akamtoa mkewe, akamtoa na mkwe wake anayeyumba kama mlevi. Upepo wa mvua ukatupiga, na mara ya kwanza maishani nikaushukuru. Mtoto akavuta pumzi ndogo, akakunja uso, lakini hakulia. Tukapanda pikapu, tukateremka Kasulu kwenye matope, mimi nimemshika mtoto uso wake kwenye upenyo wa dirisha, nimemkinga mvua kwa kiganja.

Hospitali wakawekewa wote watatu hewa ya mtungi. Daktari, kijana wa mkoa wa mbali, aliuliza walikuwa wapi na walikuwa wanafanya nini. Tukamweleza. Akasema mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa sumu ambayo huioni wala huinusi, na inawahi kuwadhuru watoto.

"Lakini daktari, AC ilikuwa inafanya kazi," akasema mwanangu.

"Ilikuwa inawazungushia sumu hiyo hiyo."

"Na chujio nimelisafisha juzi!"

"Chujio linashika vumbi, mzee."

Ameitwa mzee na daktari, bado anashika rimoti mfukoni. Nilitamani kucheka, lakini mtoto alikuwa bado kimya.

Alilia kesho yake asubuhi. Alilia vibaya, kwa hasira, akashika ziwa kama anayelipiza kisasi, na mimi nikaenda kukaa peke yangu kwenye benchi la nje. Daktari akasema mama na mtoto tuwaache kidogo awaangalie, kisha tutawachukua.

Tukarudi nyumbani kuandaa. Mama wa Kumsenga, aliyepata nafuu kwanza akaruhusiwa, alikuwa analia njia nzima kwamba alitaka tu mwanawe apate joto. Huyo sikumgombeza, kutaka joto si kosa. Mwanangu ndiye aliyenimaliza. Hatujashuka kwenye gari anasema atatafuta mashine kubwa zaidi, eti Dar zipo zinazoingiza hewa ya nje, atauliza bei. Nyumba imezungukwa na hewa ya milima yote ya huku kwetu Buha, inagonga vioo vyake mchana na usiku, na yeye anataka akaifuate Dar es Salaam kwa lori.

Niliwaita wote uwanjani, yeye na wadogo zake na vibarua wa maharage, nikawaambia: "Leteni nyundo na tindo. Chumba hicho kitobolewe, tundu moja chini ukuta huu, jingine juu ukuta ule, leo, kabla mzazi hajaruhusiwa. Mipira ya milangoni ing'oeni yote. Mzazi atapata blanketi na chupa za maji ya moto. Na jiko la mkaa nisilione tena ndani ya chumba cha kulala. Atakayeliingiza, awe mwenye nyumba awe mgeni, atalala nalo nje."