Karanga katika Koti la Harusi

Wasomaji wenzangu, mimi ni fundi cherehani hapa Kariakoo, na ya juzi bado yananichoma masikio.

Nashonea barazani kwa Bwana Salim, mwenye duka la nguo. Tumbili wake amefungwa nguzoni kwa mnyororo mrefu. Kwa kukosa la kufanya, alikuwa ameanza kujinyonyoa manyoya. Nikamwonea huruma, nikamtundikia koti kuukuu lenye karanga mifukoni. Alipekua mfuko baada ya mfuko, akasahau kujinyonyoa. Basi kila adhuhuri nikawa naijaza upya ile mifuko, huku usingizi ukinibembeleza, nikijiona niko naye msituni, juu kabisa ya miti, tukipepewa na upepo.

Juzi niliota hivyo hivyo, mkono ukijaza karanga. Kumbe nilikuwa nazitia kwenye koti jipya lililotundikwa kando, nililomshonea Rajabu, kijana aliyekuwa anaoa jioni ile.

Rajabu akaja na baba mkwe wake, akalivaa.

"Limekukaa, bwana!" nikamsifu.

Tumbili akamrukia begani, akatia mkono mfuko wa kifuani, akatoa karanga, akamenya, akala. Akahamia mfuko wa pili. Rajabu hakuthubutu hata kupumua.

"Mwizi huyu!" Bwana Salim akaja mbio na bakora.

"Usimpige, bwana," nikasema. "Karanga nimemtilia mimi."

Baba mkwe akanitazama kutoka kofia hadi kandambili.

"Fundi," akauliza taratibu, "koti hili ulimpima mkwe wangu, au ulimpima huyu?"