Tulibishana sumu ya nyoka iko mkiani au kwenye ulimi, kidole cha mtu kikaoza

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Hii sikusimuliwa na shemeji wala jirani. Nilikuwepo, na mpaka leo inanichefua.

2017 nilikuwa nashona nguo Malvern, Johannesburg, chumba kimoja na Papa Espoir, fundi Mkongomani wa Bukavu. Mtu mpole, na suti zake zilipendwa Jules Street nzima.

Asubuhi moja baada ya mvua akakuta kanyoka keusi nyuma ya duka, kembamba kama kalamu. Akakashika nyuma ya kichwa kama alivyofundishwa kwao, eti hapo hakawezi kuuma. Kakatoa ulimi, kakajinyonganyonga, tukaona kamemchoma kidole kwa ncha ya mkia. Akakatupa, mimi nikakapiga picha.

"Haikuniluma," akasema. "Ilinichoma na mukia."

Ubishi ukaanza hapo. Mkewe, Mama Espoir, akasema sumu ya nyoka iko mkiani. Mteja mmoja Mzulu aliyefuata suruali yake akasema eish, iko kwenye ulimi, ndiyo maana umegawanyika.

Na mimi mjuaji wa video za YouTube nikaingia. Nikawaambia ulimi ni wa kunusia tu, unaokota harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa. Mkia nao hauna sumu, ni kutishia watu.

Wakuu, yote hayo ni kweli kabisa! Ndicho kinachoniuma.

Nikamalizia: "Papa, hujaumwa. Rudi kwenye cherehani."

Akarudi. Mama Espoir hakukubali. Akamfunga kidole kwa lastiki ya sketi, akambandika jiwe jeusi, lile la mfupa uliochomwa ambalo kwao wanaamini linanyonya sumu. Mimi nikacheka. Ile lastiki niliiona na sikuifungua, nilikuwa bize kushinda ubishi.

Masaa matatu tunabishana, watu wazima na ndevu zetu! Kidole kimevimba kama muhogo, kinaanza kuwa cheusi, ndipo tukakumbuka kuna hospitali.

Daktari akaangalia picha, akashusha pumzi. Akasema hako meno yake yanachomoza pembeni mdomo ukiwa umefungwa, kwa hiyo ukikashika nyuma ya kichwa umejipeleka mwenyewe kwenye jino, mkia ulikuwa kitisho tu. Sindano ya kuzuia sumu yake haipo, na lastiki ndiyo imezidisha. Wakakata nusu ya kidole cha shahada, mkono wa kulia. Fundi cherehani huyo!

Daktari akauliza nani alimwambia akae masaa yote hayo.

Papa Espoir akajibu, "Ni mimi mwenyewe."

Funzo: nyoka usimshike hata akiwa mdogo vipi. Akikugusa, iwe kwa mdomo au kwa mkia, usifunge kitu, nenda hospitali, mtabishana mkifika.

Cherehani zetu bado zinatazamana. Sijawahi kumwomba msamaha, ila nyie nisiowajua nimeweza kuwaandikia yote haya.

Nipeni makavu wakuu, nimwanzeje?