Kwa Nini Naanguka Jumapili

"Siyo soda, bibi. Kwa mama kule Mbeya nakunywa soda kila likizo, na sijaanguka hata siku moja."

Bibi alikuwa anamenya viazi, hakuinua hata kichwa. Akasema Mbeya ni Mbeya na Kilolo ni Kilolo, na yeye aliniona kwa macho yake mawili. Siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani nilipewa soda nyekundu, sijafika hata nusu chupa, nikaanguka katikati ya wageni na gauni langu jipya. Tangu siku hiyo sukari ya nyumba hii inakaa kwenye sanduku lake la vitenge, amelifunga kwa ufunguo. Mimi nakunywa chai ya rangi bila kitu, kama nimeadhibiwa. Yeye anatia vijiko vitatu, kwa sababu yeye haanguki.

Nina kifafa tangu darasa la sita. Naishi na bibi kwa sababu mama anashinda kazini Mbeya mjini, nikianguka nyumbani kwake hakuna wa kuniokota. Lakini sasa nimepata nafasi chuo cha ualimu, huko huko Mbeya, na kinafungua mwezi wa tisa. Mama kwenye simu hakuzunguka. Alisema nikae miezi mitatu bila kuanguka, ndipo niende. Na miezi iliyobaki ni hiyo hiyo mitatu, haina hata wiki ya kuchezea. Nikianguka mara moja tu, chuo kimenipita.

Mimi kusubiri siwezi, nilizaliwa hivyo. Nikachukua daftari nikaandika kila nilipoanguka tangu Krismasi: siku gani, saa ngapi, nilikuwa nimekula nini. Zikatoka nne. Tatu ni Jumapili, ile ya kipaimara ikiwemo, zote kabla ya chakula cha mchana. Ya nne ni siku ya mgowe, yaani ile kazi ya pamoja shambani ambapo mwenye shamba anawalisha mkishamaliza, siyo kabla. Siku zote nne tumbo lilikuwa tupu tangu jana yake. Jumapili hatuli kwa sababu ya bibi. Yeye alifundishwa komunyo na masista wa zamani, kwamba ukishalala Jumamosi hakuna kitu kupita mdomoni mpaka umepokea, hata maji. Padre ameshatangaza mara kibao kwamba siku hizi ni saa moja tu kabla ya kupokea. Bibi anasema padre huyu ni mtoto, kazaliwa juzi, atajulia wapi.

Nikamsomea daftari lote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mke mwenzangu," akasema, "kwa hiyo Bwana ndiye anayekuangusha."

Ananiita mke mwenzake kwa kuwa mimi ni mjukuu, eti tunagombea babu, na babu mwenyewe alishakufa kabla sijazaliwa. Nikamwambia siyo Bwana, ni njaa, sukari ya mwilini inashuka. Akasema jana yake tu nilikuwa nadai sukari haina neno, leo nailalamikia kwamba imeshuka, nichague moja.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kliniki. Nikaenda na daftari kwapani, na kabla sijakaa vizuri nikamwambia nesi nimeshajua ugonjwa wangu unatoka wapi, anipime sukari niondoke na ushahidi. Nesi wetu ni mama mnene asiye na haraka na mtu. Akanichoma kidole, akaangalia kipimo, ikawa kawaida kabisa.

"Asubuhi umekula nini?"

"Maandazi matatu na chai ya maziwa, pale stendi."

"Sasa ulitaka nione nini, mwanangu?"

Lakini daftari alilisoma, tena taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Akasema siyo ujinga nilioandika. Sukari ikishuka sana ubongo unakosa chakula chake, na hapo mtu anaweza kuanguka. Ila kwa mtu asiye na kisukari, kuruka mlo mmoja mara nyingi hakushushi sukari kiasi hicho. Hata hivyo anao wagonjwa wanaosema wakishinda na njaa wanaanguka, na kula kwa wakati hakujamdhuru mtu. Kuhusu soda, akasema hajawahi kuona mtu ameangushwa na nusu chupa. Nikaanza kutabasamu. Ndipo akauliza: "Na hizi Jumapili, kidonge cha asubuhi ulikuwa unameza saa ngapi?"

Nikalivuta daftari, nikapekua. Daftari lilikuwa na viazi, maharage, kande, hadi ndizi ya kuokota. Kidonge hata kimoja sikuandika. Kidonge kinamezwa kwa maji, na maji bibi kayakataza, kwa hiyo Jumapili nilikuwa nameza tukisharudi, saa saba, saa nane huko. Nesi alicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Akasema ualimu huo nitauweza kweli, mtu anayesahihisha mtihani akaruka swali la kwanza? Nikajitetea kwamba siku ya mgowe nilimeza alfajiri. Akakubali, siku ile huenda ilikuwa njaa kweli, au jua, au uchovu wa jembe, siku moja haisemi kitu. Nile na nimeze, vyote kwa saa yake. Na yeye ni Mkatoliki pia, akaniambia mgonjwa hafungwi na mfungo huo, na dawa na maji havivunji.

Leo Jumamosi mchana nimemweleza bibi. Nilitegemea atanitania. Akaacha kupepeta maharage.

"Kwa hiyo miaka yote hii ni mimi niliyekuwa nakuangusha?"

Nilikuwa nimejiandaa kushinda, kumbe sikujiandaa kwa hilo. Nikamwambia hapana, mdomo ni wangu na kidonge ni changu, ningeweza kumeza nimejificha chooni kama nilivyokuwa naiba nyama. Akacheka kidogo. Halafu akasema haya, kesho nile, nimeze, ila kwenye mstari wa komunyo asinione na tumbo la viazi mpaka asikie kwa padre mwenyewe.

Inauma, maana kanisa zima litaona nimebaki kwenye benchi, na wataanza kuhesabu dhambi zangu. Waache wahesabu. Kesho naamka saa kumi na mbili, napika uji mzito, nakunywa wote, nameza kidonge na kikombe kizima cha maji, naandika saa kwenye daftari. Halafu namshika bibi mkono tunatoka mapema, tunamkuta padre sakristia kabla hajavaa kanzu ya misa, na namuuliza padre kama mgonjwa aliyekula anaruhusiwa kupokea, bibi akiwa anasikia.