Kanda Tulizopeleka Sulay

Nakumbuka asubuhi moja ya vumbi mjini Riyadh, mwanangu, karani mmoja aliingia mbio kwenye chumba cha mashine pale Malaz akipiga kelele, "Mzee Sefu, mashine imekufa! Halas, kazi imelala!"

Mzee Sefu hakuinuka kitini. Alibonyeza vitufe kidogo, akamtazama karani juu ya miwani. "Iliyokufa ni yako peke yako. Rudi, utaikuta imefufuka. Na ukiiua tena, ningoje nimalize chai."

Mimi nilikuwa mlangoni na kreti langu, nimeduwaa. Mashine niliyoiona pale, yaani kompyuta, ilikuwa moja tu, kubwa kama makabati mawili yaliyobanana. Sasa ya karani ilikuwa ipi?

Nikueleze kwanza nilikuwa nani. Nilitoka Malindi miaka ile watu walipokuwa wakichukuliwa kwa wingi kwenda Saudia. Dada yangu Mwanaidi alipata kazi za nyumbani Jedda, mimi nikapata udereva Riyadh. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo mambo ya mashine nayaandika kama nilivyoyasikia, na nikikosea, kosa ni langu, si la mzee. Kila siku nilichukua kanda zenye nakala za kumbukumbu za kampuni, nikazipeleka ghalani Sulay, nikarudi na za zamani. Mzee Sefu, Mzanzibari, ndiye aliyeiendesha mashine. Sote wawili tulikuwa chini ya kafili mmoja, yaani mwenyeji aliyetudhamini kuishi na kufanya kazi kule.

"Yakhe, mbona umekodoa macho?" akaniuliza. "Wewe unaona mashine moja. Kila idara inaona yake."

Akanisimulia huku chai ikipoa. Ujanani mwake, aliposomeshwa ng'ambo, mashine moja ilijaza ukumbi. Watu walipanga foleni na kadi zao zilizotobolewa, wakazikabidhi, wakaja kesho yake kuambiwa wamekosea herufi. Lakini tangu miaka ya sitini, akasema, kulikuwa na mafundi fulani Marekani waliotunga programu ya kukaa chini kabisa na kumgawia kila mtumiaji mashine pepe. Yaani mashine ambayo chuma chake hakipo, ila mwenyewe anaiona kamili, na kumbukumbu yake na kisoma kadi chake. Yake ikianguka, ya jirani haitikisiki. Wakubwa wa kampuni hawakuithamini sana mwanzoni, walikuwa na mpango wao mwingine. Watumiaji ndio walioing'ang'ania, wakapeana marekebisho wao kwa wao mpaka ikasimama. Na mafundi wakitaka kujaribu toleo jipya, waliliendesha ndani ya mashine pepe ya lile la zamani. Hapo mzee alicheka, kama mtu anayesimulia utundu wa ndugu zake.

"Kwa hivyo kila mmoja anadhani yuko peke yake?"

"Anadhani. Na siku nyingi haimdhuru."

"Na hii ya chini ikizimika?"

Akaacha kucheka. "Zinazimika zote. Hata ile waliyoiweka iwe ya akiba, kama nayo imo humu humu. Unafikiri nakutuma Sulay ukapunge upepo?"

Nilicheka, nikamtolea habari yangu. Mwanaidi alikuwa na hali ngumu katika nyumba moja ya Al-Hamra, kule Jedda. Kazi haikuisha, usingizi ulikuwa wa kuibia, mgongo ulimuuma. Nisimsingizie madam wake: hakumpiga, hakumnyima chakula wala mshahara. Ila alimtumia kama mtu asiyechoka. Kila Ijumaa, aliporuhusiwa simu, dada alinililia, "Kaka, nitoe huku. Niweke karibu nawe." Nami nilikuwa nimefanikiwa. Kafili wetu, mtu mpole kweli, alikubali kumchukua, na madam alikubali kumwachia. Nilitaka tu mzee aniandikie maombi kwa Kiarabu.

Aliweka kalamu chini. "Kafili wako nani?"

"Mzee, si unamjua? Ndiye wako."

"Na wa dada yako atakuwa nani?"

"Huyo huyo. Ni mtu mwema."

"Sikukuuliza wema wake! Hata mashine hii ni njema. Siku bwana huyo akianguka, nani atamtoa dada yako? Wewe? Utakuwa umeanguka naye. Na wewe nani atakutoa? Yeye? Kutwa unabeba kanda mpaka Sulay, kumbe hujui unazibeba kwa nini! Mtafutie mwingine, yeyote, lakini si huyu."

Nilitoka na hasira, mwanangu. Lakini njia nzima kreti lile lilinisuta. Nilimtafutia kafili mwingine, sikupata. Ijumaa nikamwambia Mwanaidi kwamba siwezi kumleta kwetu, nikamweleza na sababu.

Akaniuliza, "Yaani kaka umeniacha huku kwa maneno ya mashine?"

Akakata simu. Hakunipigia tena.

Kafili wetu alipooza siku aliyokuwa akicheka na wageni. Hakuweza kusema wala kutia sahihi. Wanawe wakagombania mali, nami sidhani walikusudia kutusahau. Walikuwa na msiba wao. Lakini biashara ilifungwa, ikama zetu, vile vibali vya kuishi, zikaisha muda, na hakukuwa na wa kutupa ruhusa ya kutoka nchini. Tulikuwa wengi. Kila mmoja alikuwa na ikama yake mfukoni na jina lake juu yake, na kila mmoja alikuwa akidhani anasimama peke yake.

Mzee Sefu alikuwa na sukari, na mguu ukafanya kidonda. Hospitali tulikompeleka tuliulizwa ikama. Ilikuwa imeisha, kwa hivyo tukaambiwa "mafi", hakuna matibabu. Tukamrudisha chumbani Malaz, tukawa tunamwosha kidonda kwa maji ya chumvi.

Nilimuuliza, "Mzee, wewe ulijua. Mbona ulikaa?"

"Ningekwenda wapi? Mimi na mashine ile tumezeeka pamoja, na nje hakuna aliyetaka fundi wa aina yangu." Akashika mkono wangu. "Lakini wewe una mtu Jedda. Mpigie."

Nilimpigia kupitia kwa madam, nikiona aibu. Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja matusi. Akasema, "Nipe majina yenu. Nyote, si lako tu."

Alikwenda kupiga magoti mbele ya madam yule yule. Na lazima niseme ukweli, mume wa madam, baba wa nyumba ile, alisafiri mpaka Riyadh akazunguka ofisi kwa ofisi kwa ajili ya watu asiowajua. Ruhusa zilitoka. Ya Mzee Sefu ilitoka pamoja na zetu, tulipokuwa tumekwisha kumzika.

Mwanaidi alikaa katika nyumba ile mpaka mkataba ulipoisha. Alirudi na mgongo usioweza kubeba ndoo, na mpaka leo hawezi. Hajawahi kuniambia nilifanya vyema, nami sijathubutu kumuuliza. Ningemleta kwetu, angekaa nasi katika chumba kile, na hakuna ambaye angetutoa. Hilo nalijua. Lakini mgongo ule ni wake, si wangu, na hilo pia nalijua.

Mwanangu, ukienda kutafuta maisha, usitazame tu kama jina lako limeandikwa sawasawa. Uliza ni nani aliyebeba kila kitu chini yako, na akianguka, nani atabaki amesimama. Wapendwa wako usiwakusanye wote chini ya mtu mmoja, hata awe mpole kiasi gani, maana kiharusi hakiulizi upole. Na yule atakayebaki nje kwa ajili yenu, jua kwamba anaumia huko. Mpigie simu kabla hujamhitaji. Mimi sikupiga.

Mungu akujalie mtu wa kukutajia jina lako siku umekwama, na akupe muda wa kumshukuru angali anasikia. Na akuruzuku uzee wa nyumbani, ule ambao Mzee Sefu hakuupata.