Siku Mama Kimya Alipowasha Simu

Tulimwita Mama Kimya, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuliongoza dishi kubwa la redio, lile jeupe nyuma ya ofisi ya kituo chetu cha kuchunguza nyota, lifuate mawingu ya gesi huko mbali yanakozaliwa nyota. Humo molekuli za maji hukuza mawimbi ya redio kama leza inavyokuza mwanga. Wataalamu huyaita maser. Kwetu hufika kama mstari mmoja mwembamba uliosimama wima kwenye skrini. Mama Kimya aliutazama mchana kutwa, kidevu mkononi, nusu yuko hapa nusu yuko huko, na dishi likizunguka taratibu mno hata kivuli chake kwenye nyasi hukukiona kikisogea.

Adui yake alikuwa simu. Simu ikiwaka karibu na dishi, skrini nzima hufurika kelele na mstari huzama. Kwa hiyo kila mtu, hata mkurugenzi, aliizima na kuiacha getini kwenye sanduku la bati. Mimi niliwahi kusahau yangu mfukoni. Nilisemwa mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Wiki ile binti yake alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kujaa kiganjani, tena hanyonyi; alilishwa kwa mpira wa puani. Mama Kimya alikuja kazini vivyo hivyo, maana wingu lake lilikuwa limeanza kung'aa kuliko kawaida.

"Nyota changa ikipata gesi ya kumeza, huwa hivi," aliniambia bila kunitazama. "Hii inakula. Wetu ndiye hataki."

Niliumia.

Mchana mmoja mlango ulifunguliwa, akaingia mkwewe, mume wa binti yake, jasho linamtiririka, mkono ameubana kwenye mfuko wa shati.

"Una simu wewe?"

"Nimeizima, mama. Mlinzi nimemwomba sana. Nimekuletea sauti."

"Sauti gani?"

"Ya mtoto. Amenyonya leo asubuhi. Nimemrekodi."

Nilidhani watatoka wote waende getini. Lakini dishi lilikuwa katikati ya kipimo, na mwenye zamu haruhusiwi kuliacha. Mama Kimya aliuangalia mstari wake, uliosimama vizuri kuliko siku zote. Kisha akamwangalia mkwewe.

"Iwashe."

"Mama, kipimo je?" nikaropoka.

"Nimesema iwashe, baba," akamwambia mkwewe.

Skrini ikafurika. Mstari uliosafiri maelfu ya miaka kuja kwetu ukapotea tukiuona, na chumba kikajaa sauti ndogo: kumeza, kupumua, kumeza tena. Mama Kimya akafumba macho, akaisogeza simu sikioni, machozi yakamtoka waziwazi. Akairudia tangu mwanzo. Mimi na mkwewe tulisimama kama watu walioingia kwenye ndoto ya mwenzao, tukaogopa hata kukohoa.

Jioni mkurugenzi alisimama nyuma ya kiti chake, akaonyesha doa kubwa kwenye rekodi ya mchana.

"Mama, kelele gani hii?"

"Mjukuu wangu alikuwa anakula," akasema, akalirudisha dishi kwenye wingu lake.